Namna ya kulilinda ini lililopandikizwa lisikataliwe na mwili

Kinacholilinda ini lililopandikizwa ni kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu, mchana na usiku. Kiasi hicho hupandishwa na kushushwa na mambo ambayo mgonjwa huyaona madogo: saa ya kumeza, chakula, kuhara kwa siku mbili, kidonge cha fangasi kilichonunuliwa duka la dawa la mtaani, au kubadilishiwa kopo la kampuni moja kwa la kampuni nyingine. Mwongozo huu ni kwa aliyepandikizwa, ndugu anayemwuguza, na mhudumu wa afya anayempokea nyumbani. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupandikizwa India, wakarudi baada ya miezi michache wakiwa na mfuko wa dawa na karatasi ya maelekezo. Hapo ndipo kazi ya kila siku inapoanza. Viwango vilivyotajwa humu ni vya kukusaidia kuelewa na kuuliza. Dozi yako hupangwa na kituo kilichokupandikiza.

Ini ni kiungo chenye uvumilivu kuliko figo au moyo. Kwa kawaida hutazamwa kundi la damu la mtoaji na la mpokeaji, na ukubwa wa ini. Ulinganifu wa vinasaba vya tishu, unaosumbua sana kwenye figo, kwa ini haupewi uzito huo. Hata hivyo seli T za mpokeaji (seli nyeupe za damu zinazolinda mwili) hulitambua ini kuwa ni la mtu mwingine. Huingia kwenye maeneo ya mishipa midogo ya ini, zikashambulia mirija ya nyongo na utando wa ndani wa mishipa ya damu. Kwa dawa za sasa, mgonjwa mmoja hadi watatu katika kila kumi hupata shambulio la namna hiyo, wengi wao ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Likigunduliwa mapema, karibu kila mara hutibika bila kuacha kovu. Likicheleweshwa au likijirudia, mirija ya nyongo hupotea kidogo kidogo, na iliyopotea hairudishwi kwa kidonge.

DAWA ZENYEWE, KWA UFUPI

Daktari wa upasuaji Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa alifariki wakati wa upasuaji. Mwaka 1967 ndipo alipopata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Ufundi wa kushona mishipa ulikuwa umepatikana, lakini dawa ya kuituliza kinga ilikuwa bado. Saiklosporini, iliyotokana na kuvu na kuanza kutumiwa na daktari wa upasuaji Roy Calne huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1978, ndiyo iliyobadilisha hali. Kisha ikaja takrolimasi, iliyopatikana mwaka 1984 kutokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, ikatumiwa kwa wagonjwa wa ini na Starzl huko Pittsburgh mwaka 1989. Leo takrolimasi ndiyo nguzo ya matibabu karibu kila kituo.

Mara nyingi huambatana na nyingine mbili. Mikofenoleti huzuia seli za kinga zisizaane na hukiwezesha kituo kupunguza takrolimasi ili figo zipumue. Prednisoloni, ya jamii ya steroidi, huanza kwa dozi kubwa, ikapunguzwa taratibu na mara nyingi kuondolewa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, isipokuwa kwa mtu ambaye ini lake la awali liliharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Everolimasi hupewa baadhi ya watu wenye figo dhaifu, lakini haianzishwi kabla ya siku 30 baada ya upasuaji, kwa sababu dawa za jamii yake zikitumika mapema zimehusishwa na kuganda kwa damu kwenye ateri ya ini, nazo pia hukawiza kidonda kupona.

SAA YA KUMEZA

Takrolimasi ya kawaida humezwa mara mbili kwa siku, dozi mbili zikipishana saa 12. Meza tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili hadi tatu baada ya kula. Chakula chenye mafuta mengi hupunguza sana kiasi kinachofyonzwa. Kama huwezi kabisa kuivumilia bila chakula, mwambie daktari, mkubaliane uwe unaimeza pamoja na chakula cha aina moja kila siku. Kibaya zaidi ni leo na chakula, kesho bila chakula.

Saa 3 asubuhi na saa 3 usiku hufaa wengi, kwa sababu maabara huwa imeshafunguliwa kabla ya dozi ya asubuhi. Angalia hapa: karatasi ya hospitali ya India itaandika 9 AM na 9 PM. Hiyo ni saa 3, wala si saa 9. Mzee anayesomewa karatasi na mjukuu anaweza kabisa kumeza saa 9 alasiri, hivyo andika upya saa zote kwa Kiswahili juu ya kila kopo kabla ya kusafiri.

Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Aliyekuwa akimeza saa 3 asubuhi huko, akitua Dar es Salaam au Nairobi mwili wake unasubiri dawa saa 12:30 asubuhi. Usiruke mara moja. Sogeza kila dozi mbele kwa nusu saa: ya kwanza saa 1 kamili, inayofuata saa 1:30, na kuendelea. Dozi ya tano itakuwa imefika saa 3.

Vidonge vibaki ndani ya pakiti yake hadi dakika ya kuvimeza. Unyevunyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja huviharibu vikiwa wazi, kwa hiyo vile visanduku vya plastiki vya siku saba havifai kwa vidonge vilivyokwisha kubanduliwa. Kata pakiti kwa mkasi, kila kidonge na kipande chake cha foili, ndipo ukipange kwenye kisanduku. Friji haihitajiki, kabati kavu lisilopigwa na jua linatosha.

Kuna vidonge vya takrolimasi vya mara mbili kwa siku, kama Prograf, na vya kutoa dawa polepole vya mara moja kwa siku, kama Advagraf. Haviwezi kubadilishana kwa miligramu zilezile bila kupima damu. Kumewahi kutokea makosa ya duka la dawa kumpa mgonjwa wa aina moja kopo la aina nyingine. Wengine walipata sumu ya dawa, wengine ini likakataliwa. Hata dawa mbili za mara mbili kwa siku zinazotoka kampuni tofauti zinaweza kutofautiana kidogo. Hakuna ubaya kutumia dawa ya bei nafuu inayotengenezwa India, mradi ubaki nayo ileile. Ukilazimika kubadili, toa taarifa na upime damu ndani ya wiki moja. Usisubiri kopo la mwisho: weka akiba ya angalau mwezi mmoja, kwani nje ya miji mikubwa dawa hizi hazipatikani siku hiyohiyo.

UKISAHAU, UKITAPIKA, UKIHARA

Ukikumbuka dozi iliyopita bado mapema, meza, kisha endelea na saa zako za kawaida. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja. Vituo vinatofautiana kuhusu mpaka, vingine saa nne, vingine saa sita, kwa hiyo uliza cha kwako kabla ya kutoka wodini na uandike jibu. Uliza vilevile ukitapika ndani ya dakika ngapi urudie dozi.

Kuhara kunahitaji maelezo zaidi kwa sababu huwadanganya hata wahudumu. Mtu hudhani dawa inatoka na choo, hivyo kiwango kimeshuka na dozi iongezwe. Kwa takrolimasi mara nyingi huwa kinyume. Ukuta wa utumbo una vimeng'enya na pampu zinazoiharibu na kuirudisha dawa kabla haijaingia kwenye damu. Utumbo ukiumwa, kizuizi hicho hulegea, dawa nyingi huingia, na kiwango kinaweza kupanda hadi mara mbili au zaidi. Wakati huohuo mwili umeishiwa maji na figo zimekauka. Kuhara kukizidi siku moja: kunywa maji ya chumvichumvi za ORS, usiongeze wala kuacha dawa kwa uamuzi wako, na upimwe kiwango cha takrolimasi na kreatinini (kipimo cha figo) ndani ya siku mbili. Ikumbukwe pia kwamba mikofenoleti yenyewe huharisha.

KUPIMA KIWANGO KWENYE DAMU

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na mengi si ya mgonjwa.

Kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa, yaani kile kinachobaki muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya usiku na kabla ya ile ya asubuhi. Siku hiyo nenda maabara na kidonge mfukoni, kimeze baada ya kutolewa damu. Ukikimeza nyumbani kwa mazoea, kipimo kitasoma juu sana, daktari atapunguza dozi, na wiki mbili baadaye ini linaanza kukataliwa. Ikitokea umekwisha meza, sema, na upimaji uahirishwe hadi kesho yake. Mwambie fundi wa maabara aandike kwenye fomu saa uliyomeza jana na saa ya kuchukua damu.

Damu iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ile inayotumika kwa kipimo cha picha nzima ya damu. Takrolimasi hujificha ndani ya seli nyekundu. Damu ikiachwa igande na kutengwa majimaji yake, matokeo hayana maana. Sampuli inayosafirishwa kutoka wilayani kwenda mjini ikae kwenye baridi ya friji, isigandishwe.

Baki na maabara moja. Mashine zinazotumia kingamwili hutoa namba za juu kidogo kuliko zile zinazotenganisha kemikali kwa uzito, hivyo 7 ya maabara moja inaweza kuwa 6 kwingine bila chochote kubadilika mwilini. Dozi ikibadilishwa, subiri siku mbili hadi tatu ndipo upime. Ukipima kesho yake unapima mchanganyiko wa dozi ya zamani na mpya.

Malengo yanayotumiwa na vituo vingi ni nanogramu 6 hadi 10 kwa mililita katika mwezi wa kwanza, kisha 4 hadi 8, na hushuka zaidi baada ya mwaka kwa mtu asiyekuwa na shida. Wiki za mwanzo hupimwa mara mbili au tatu kwa wiki, baadaye mara moja kwa wiki, kisha kila mwezi; baada ya mwaka wengi hupima kila miezi miwili au mitatu, pamoja na vipimo vya ini, kreatinini, potasiamu, sukari na hesabu ya damu.

Nunua daftari. Kila kipimo kiwe na mstari wake: tarehe, dozi, kampuni ya dawa, kiwango, ALT (kipimo cha ini kinachopanda ini likidhurika), kreatinini, na dawa nyingine yoyote iliyotumika wiki hiyo. Faida yake ni hii. Mgonjwa mmoja ana viwango 6.2, 5.8, 6.5 na 6.0. Mwingine, kwa dozi ambayo haikubadilishwa, ana 4.1, 9.7, 5.0 na 10.2. Wastani wa wa pili ni 7.25, namba inayopendeza ukiitazama peke yake. Lakini mtawanyiko wa viwango vyake ni takriban asilimia 43 ya wastani, wakati wa mwenzake ni asilimia 5. Tafiti za upandikizaji wa figo na ini zimehusisha mtawanyiko mkubwa, mara nyingi unaozidi asilimia 30 au 40, na kukataliwa kwa kiungo na kupotea kwake. Ukiona namba zako zinarukaruka hivyo, tafuta chanzo kabla dozi haijaguswa: saa, chakula, kopo, dawa za ziada, tumbo.

Jambo moja linawahusu hasa watu wenye asili ya Afrika. Kimeng'enya kiitwacho CYP3A5 huvunja takrolimasi, na Waafrika wengi wana aina yake inayofanya kazi, tofauti na watu wengi wa Ulaya. Wenye aina hiyo huhitaji dozi ya kuanzia ambayo ni mara 1.5 hadi 2 ya wengine ili wafikie kiwango kilekile. Kwa ini mambo yanachanganyika, kwani kimeng'enya kiko kwenye utumbo wa mpokeaji na pia kwenye ini la mtoaji. Mtoaji akiwa ndugu wa damu, wote wawili wanaweza kuwa nacho. Kwa hiyo usishtuke dozi yako ikiwa kubwa kuliko ya jirani yako wa wodini aliyetoka nchi nyingine, na usikubali ipunguzwe kwa sababu tu inaonekana kubwa. Kinachotazamwa ni kiwango.

DAWA NYINGINE ZINAZOVURUGA

Takrolimasi, saiklosporini na everolimasi huvunjwa na jamii moja ya vimeng'enya. Dawa inayovizuia hupandisha kiwango, na inayovichochea hukishusha. Wauzaji wengi wa dawa mtaani hawana habari hiyo, hivyo wewe ndiye mlinzi wa kwanza.

Zinazopandisha: flukonazoli na ketokonazoli za fangasi, erithromaisini na klarithromaisini, diltiazemu na verapamili za presha, na dawa za virusi zenye ritonavia, ambayo nguvu yake ni kubwa mno hata dozi moja ya takrolimasi inaweza kumtosha mtu kwa siku kadhaa. Flukonazoli si mwiko, ila ikianzishwa takrolimasi hupunguzwa kwa sehemu na kupimwa ndani ya siku chache, na ikisimamishwa dozi hurudishwa. Hatua hii ya pili ndiyo husahauliwa: fangasi imepona, flukonazoli imekwisha, takrolimasi imebaki chini, na ini limebaki bila ulinzi.

Zinazoshusha: rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini, kabamazepini na fenobabitali za kifafa, na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Kwetu rifampisini ndiyo tishio kubwa. Ndani ya wiki moja au mbili inaweza kufanya dozi iliyokuwa ikitosha ionekane kama haikumezwa, na mgonjwa akahitaji mara tatu hadi tano ya dozi yake ya awali. Athari hiyo hubaki kama wiki mbili baada ya kuiacha. Mtu aliyepandikizwa akigundulika na kifua kikuu, kliniki ya TB iwasiliane na kituo cha upandikizaji kabla ya kidonge cha kwanza, labda awe mahututi. Njia hutumika mbili: kuweka rifabutini mahali pa rifampisini, kwani uchochezi wake ni mdogo, au kutumia rifampisini huku takrolimasi ikipandishwa na kupimwa mara mbili kwa wiki. Kwa mwenye VVU, dolutegravia haina mgongano wa maana na takrolimasi, na hiyo ni nafuu kubwa.

Za maumivu: sindano ya diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni viepukwe. Takrolimasi hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Dawa hizi hubana zaidi, na figo zinaweza kusimama. Jentamaisini vilevile. Parasetamoli ndiyo ya kutumia, na vituo vingi huweka kikomo cha gramu 2 hadi 3 kwa siku. Kwa maambukizi ya kawaida, amoksilini na azithromaisini huwa salama zaidi kwa upande wa mgongano. Anayetumia azathioprini badala ya mikofenoleti asipewe alopurinoli ya gauti bila mtaalamu kujua. Mchanganyiko huo unaweza kuifuta kabisa uzalishaji wa seli za damu.

Malaria ikithibitishwa itibiwe mara moja, dawa mseto ikiwemo, na kiwango cha takrolimasi kipimwe katikati ya wiki. Homa kwa mtu huyu isiitwe malaria kabla ya kipimo. Na hata kipimo kikiwa chanya, damu ya kuoteshwa maabara kutafuta bakteria na ya vipimo vya ini ichukuliwe siku hiyohiyo.

CHAKULA, MITISHAMBA, FUNGA

Balungi ni marufuku, tunda na maji yake, kwa sababu huzuia vimeng'enya vya utumbo na athari yake hudumu zaidi ya siku moja. Danzi nalo liachwe. Chungwa la kawaida, embe, papai na nanasi havina tatizo. Madafu yanahitaji tahadhari ambayo haimo kwenye karatasi za India: yana potasiamu nyingi, nayo takrolimasi huzuia figo kuitoa, na Septrin, dawa ya kuzuia nimonia, huongeza tatizo hilohilo. Potasiamu yako ikiwa juu ya 5, acha madafu na punguza ndizi hadi kipimo kishuke. Manjano ndani ya pilau au mchuzi hayana neno. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa ni jambo jingine. Vimewahi kudhuru ini la watu wasiokuwa na ugonjwa wowote.

Kuhusu mitishamba, msimamo ni mkali na una sababu mbili. Nyingi hazijulikani zinavyogusa vimeng'enya, na zile zinazosifiwa kwa «kuongeza kinga» zinafanya hasa kile ambacho wewe unalipa fedha nyingi kukizuia. Muarobaini, mlonge wa vidonge, mafuta ya habasoda ya kunywa na michanganyiko ya chupa isiyokuwa na orodha: acha.

Ramadhani huleta swali kila mwaka. Katika mwaka wa kwanza, na kwa mwenye figo dhaifu, kisukari cha sindano au kiwango kinachorukaruka, madaktari wengi hushauri asifunge, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Kwa aliyetulia, hesabu ya pwani yetu ni hii: futari karibu saa 12:30 jioni, daku mwisho karibu saa 11 alfajiri. Kati ya futari na daku usiku ni kama saa 10 na nusu, mchana 13 na nusu. Tofauti hiyo mara nyingi huvumilika, shida ni tumbo tupu. Meza dozi kwa maji mara tu adhana inapoadhiniwa, subiri saa moja ndipo ule. Alfajiri amka mapema, meza, subiri, kisha kula daku. Wengine huhamishiwa takrolimasi ya mara moja kwa siku, lakini uhamisho huo ufanyike mwezi au zaidi kabla ya mfungo, si usiku wa kuandama mwezi. Pima kiwango na kreatinini wiki ya kwanza ya mfungo.

DALILI ZA KUKATALIWA NA YANAYOFUATA

Mara nyingi hakuna dalili. Mtu anajisikia vizuri, anakula, na ALT imepanda kutoka 25 hadi 140. Ndiyo sababu vipimo havisubiri mtu augue. Dalili zikija huwa uchovu, homa ndogo, maumivu juu upande wa kulia, kuwashwa mwili, mkojo wa rangi ya chai, choo cheupe na macho ya manjano. Hizi zote zinaweza pia kuletwa na mrija wa nyongo ulioziba, jambo linaloonekana zaidi kwa waliopewa kipande cha ini na mtoaji aliye hai, au ateri ya ini iliyoganda, au maambukizi, au homa ya ini B iliyorudi.

Kwa hiyo daktari wa karibu asianze dawa za steroidi kwa kukisia. Mpangilio ni: vipimo vya ini na kiwango cha takrolimasi siku hiyo, altrasaundi ya Dopla kuangalia mishipa ya damu na mirija, kipimo cha virusi vya homa ya ini B na cha CMV (virusi vinavyowasumbua walioshushwa kinga), kisha, visipoeleza, kutoa kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama kwa darubini. Mtaalamu hutoa alama 0 hadi 3 kwa kila moja ya mambo matatu, yaani uvimbe kwenye maeneo ya mishipa, madhara kwenye mirija ya nyongo, na uvimbe wa utando wa mishipa ya damu, jumla ikiwa 9. Kukataliwa kwa kiwango kidogo kunaweza kutulia kwa kupandisha takrolimasi tu. Cha kati au kikali hutibiwa kwa methiliprednisoloni ya mshipani, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku kwa siku tatu. Ukianza steroidi wakati tatizo ni maambukizi ya nyongo, umeyapa chakula.

CHANJO, MAAMBUKIZI, UZAZI

Chanjo zenye vimelea hai haziruhusiwi: homa ya manjano, surua, polio ya matone, BCG. Anayesafiri kwenda nchi inayodai kadi ya homa ya manjano abebe barua rasmi ya msamaha wa kitabibu kutoka kwa daktari, na asikubali kuchomwa mpakani. Chanjo zisizo hai, kama mafua, nimonia na homa ya ini B, zinafaa.

Septrin hutolewa miezi 6 hadi 12 kuzuia nimonia ya fangasi. Aliyepoteza ini lake kwa homa ya ini B hutumia entekavia au tenofovia maisha yake yote, na kuiacha kunaweza kulimaliza ini jipya kama lile la kwanza. Walioishi ukanda wa ziwa wapimwe kichocho, na kila mtu wa nchi za joto aangaliwe minyoo ya strongiloidi, ikiwezekana kabla ya upasuaji: kinga ikishushwa, hasa kwa steroidi, minyoo hiyo huzaana ndani kwa ndani na inaweza kuua.

Mwanamke anayetaka kuzaa anaweza, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa hali tulivu, lakini mikofenoleti iachwe angalau wiki sita kabla ya kushika mimba kwa sababu huharibu mimba na kuleta kasoro za masikio na midomo. Huwekwa azathioprini mahali pake. Takrolimasi huendelea, ikipimwa mara kwa mara.

JE, DAWA ZINAWEZA KUACHWA?

Swali hili lina majibu ya utafiti. Huko Ulaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwaachisha dawa taratibu watu wazima 98 waliokuwa wametulia. 41 walibaki bila dawa, na waliofaulu zaidi ni waliokuwa na miaka mingi tangu kupandikizwa. Marekani, watoto 20 waliopewa kipande cha ini na wazazi wao walijaribiwa vivyo hivyo, 12 wakafaulu, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Hokkaido kiliripoti wagonjwa 10 waliowekewa seli T za kutuliza kinga zilizokuzwa maabara kwa kuchanganya seli zao na za mtoaji. Saba waliacha dawa zote, na watatu waliokataliwa wote walikuwa na ugonjwa wa ini uliotokana na kinga.

Tazama hesabu kwa upande wa pili: hata kwa watu waliochaguliwa kwa makini, kwenye utafiti ule wa Ulaya zaidi ya nusu walikataliwa, wakaokolewa kwa sababu damu yao ilipimwa kila baada ya wiki chache na sindano ya kutoa kipande cha ini ilikuwa karibu. Aliyeacha mwenyewe akiwa Kigoma au Garissa hana hayo. Ambacho unaweza kukiomba kliniki yako, baada ya mwaka mmoja au zaidi wa ALT ya kawaida na viwango visivyorukaruka, ni kupunguziwa: kwanza prednisoloni iondolewe kama bado ipo, kisha takrolimasi ishushwe kwa nusu miligramu, na vipimo vya ini virudiwe baada ya wiki mbili na baada ya nne kabla ya hatua nyingine. Kreatinini yako ya miaka miwili iliyopita, iliyomo kwenye daftari, ndiyo itakayomwonyesha daktari kama figo zinadai hatua hiyo mapema.